Mhariri, mkiandika bei za 1952 andikeni na mshahara

Ndugu Mhariri,

Samahani nitakuita mwanangu, maana kwa sauti ya makala zako naona bado kijana, mi nimezaliwa Kariakoo 1943, hesabu mwenyewe. Naandika kwa simu kwaiyo nukta na koma zikipotea mtanisamehe, mjukuu alitaka kuninyooshea nikamkatalia, najua atanitolea maneno yangu aweke ya shule.

Ule ukurasa wenu wa jumapili mliouita enzi za senti nimeusoma mara mbili. Mmeweka orodha, kitumbua senti 5, chai senti 10, doti ya kanga shilingi 8, sinema thumni yani senti 50, baiskeli shilingi 240, alafu chini mkaandika kwamba mwanzoni mwa miaka ya hamsini maisha yalikua mepesi na watu hawakua na presha. Orodha kama hiyohiyo ishazunguka kwenye magrupu mpaka imenirudia mara nne, ya mwisho kanitumia mkwe wangu na kikatuni kinalia machozi. Sibishani na bei, bei nyingi mmepatia, ndo zilezile za mtaani kwetu japo mtaa na mtaa zilipishana kidogo. Ugomvi wangu ni kwamba mmeandika kilichotoka mfukoni mkasahau kuandika kilichoingia.

Ila kwanza nimalize la picha maana limenikaa kooni. Ile picha mliyoandika chini yake Kariakoo sokoni 1952, sio 1952. Lile jengo la zege lenye mapaa kama faneli za kumiminia mafuta alilichora Beda Amuli na likajengwa miaka ya sabini, nchi ishajitawala zamani, na ndo lililoungua Julai 2021. Mwaka 1952 hilo zege halikuwepo hata kwenye ndoto. Soko letu lilikua jengo la tangu Mjerumani, Waingereza walivyoingia wakati wa vita vya kwanza wakaweka hapo wapagazi wao wa jeshi, na hilo jina Kariakoo ni Carrier Corps iliyotafunwa na midomo yetu mpaka ikalainika. Sasa gazeti linalotufundisha historia ya bei linakosea jengo la sokoni, nilicheka mpaka chai ikapoa.

Haya turudi kwenye hela. Baba yangu alikua kuli bandarini. Kuli wa siku, sio wa mwezi, na hapo ndo penye jambo lenyewe. Alfajiri wanajipanga getini, nyapara anapita anachagua, wewe, wewe, yule pale, wenye vifua mbele, wenye kikohozi wanajikaza wasikohoe mpaka apite. Aliechaguliwa anaingia, asiechaguliwa anarudi nyumbani na saa moja haijafika. Siku yenye meli baba alipata shilingi 4 na senti kidogo. Siku isiyo na meli alipata jua. Mwezi mzuri alifanya siku 15, kwaiyo shilingi 60 na kitu, mwezi mbaya 40, na mwezi mbaya haukupigi hodi. Chumba tulichopanga, kimoja, kwenye nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, choo na jiko uani kwa wote, kilikua shilingi 12 kwa mwezi na mwenye nyumba hakujua habari za meli.

Basi chukua kanga yenu ya shilingi 8 uipime hapo. Ni siku mbili za kubeba magunia mgongoni. Chukua baiskeli ya 240 mliyoipamba na picha ya Raleigh mpya inang'aa, ni siku 60 za meli, na kwa siku 15 za mwezi mzuri ni miezi minne, miezi minne hamli, hamlali ndani, hamnunui hata kibiriti, na kodi ya kichwa inakusubiri vilevile maana askari akikukuta njiani huna tiketi ya kodi anakubeba. Baba hajawahi kua na baiskeli. Alikua anajua kuendesha, alijifunzia ya kukodi, ila ya kwake hapana mpaka namaliza kuolewa.

Februari 1950 wale makuli waligoma. Nilikua na miaka saba nakumbuka mama anafunga mlango kwa komeo mchana, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na baba anaingia kwa uani bila kofia. Mgomo uliishia kwenye fujo na chama chao kikafutwa. Hiyo nayo ilikua ndani ya enzi za senti mwanangu, mtu haachi kazi akaingia barabarani kwa sababu maisha ni mepesi.

Na mshahara wenyewe ulikua na rangi, tusifichane. Mzungu ngazi yake, Mhindi ngazi yake, Mwafrika yake ya chini, hata kama wameshika kalamu ileile kwenye ofisi ileile. Mji ulikatwa hivyohivyo, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, ukiumwa Mzungu anapelekwa Ocean Road anapulizwa na upepo wa bahari, sisi hospitali ya Sewa Haji. Kwaiyo mkisema mkate ulikua bei fulani, semeni ulikua bei hiyo kwa nani.

Sasa niwapeleke jikoni kwa mama maana pale ndo nilipojifunza hesabu kabla ya shule. Mama alikua anapika vitumbua. Hiyo senti 5 mliyoandika kwenye orodha yenu ni ya kwake, yani mmemtaja bila kujua. Mchele pishi moja, ndo vibaba vinne kwa wasiojua, unalowekwa jioni, usiku saa tisa tunaamka kutwanga, hapakua na cha mashine ni kinu na mchi na mimi na dada tunapokezana, ukisinzia mchi unakuangukia. Tui la nazi mbili, iliki, sukari ratili moja, karibu nusu kilo, na ili viumuke mama alitia tembo kidogo la mnazi, ndo lilikua hamira letu, na shehe wa nyumba ya nne alikua mteja wa kila siku hakuna aliemwambia. Wacha nipige mahesabu kama alivyokua anapiga mwenyewe kwa sauti huku anageuza: mchele shilingi 1 na 60, sukari 50, nazi 30, mafuta 40, kuni na iliki 20. Jumla shilingi 3. Vinatoka vitumbua 80, mara senti 5, shilingi 4. Faida shilingi moja. Shilingi moja kwa kuamka saa tisa, watu watatu, na moshi wa kuni machoni mpaka leo nikinusa mkaratusi unaungua machozi yananitoka.

Na hiyo ni vikiisha vyote. Vikibaki kumi tunakula sisi. Yani siku sisi watoto tuliposhiba ndo siku mama aliyopata hasara, na tulikua tunajua, tunakula huku tunamwangalia usoni.

Wateja wake walikua haohao makuli na mafundi wanaopita alfajiri, na wengi walikula kwa mkopo mpaka meli ije. Mama hajui kusoma. Nyuma ya mlango palikua na ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, humo aliandika kwa mkaa, kitumbua kimoja mstari mmoja, na kila mteja alama yake, mvuvi kachorewa samaki, fundi wa baiskeli maduara mawili, mzee mmoja Mmanyema aliekua anavaa kofia ya kitani kachorewa kofia. Paa letu lilikua la madebe yaliyonyooshwa na misumari, masika ya mwaka mmoja likavuja hapo hapo ukutani, tunaamka madeni ya watu watatu yametiririka mpaka chini yamekua tope jeusi. Mama alikaa kitako akaangalia. Wawili walikuja wakalipa bila kuulizwa, mvuvi akaongeza na changu wawili juu. Wa tatu akasema kwani imeandikwa wapi. Simtaji, ana wajukuu mjini hapahapa, ila mama mpaka anakufa akisikia jina lile alikua anasema huyo ni mistari 34.

Hela zenyewe mliweka picha yake ila hamkusema utamu wake. Senti moja, senti 5 na senti 10 zilikua na tundu katikati, kwaiyo mama alizitunga kwenye uzi wa katani akaufunga kiunoni chini ya kanga, hata gizani alijua kwa vidole, ya kumi pana kuliko ya tano, ya tano pana kuliko ya moja. Uso wa mfalme haukuwepo kwenye hizo za tundu, palikua na taji na jina lake, na upande wa pili pembe mbili za ndovu zimekumbatia tundu. Thumni na shilingi hazina tundu, hizo ndo zenye simba na uso wa mfalme, na hizo mama hakuzitunga, zilikua hazikai muda wa kutungwa.

Alafu mmeandika kwamba bei zilikua zinakaa miaka bila kupanda. Hapo ndo nilipoiweka simu chini. Vita ya Korea ilipoanza 1950 dunia ikagombania mkonge, na Tanganyika ndo tulikua tunaongoza kwa mkonge duniani, bei ikaruka, wenye mashamba wakavuna mpaka wakachoka. Aliekua anakata mkonge wenyewe, yule manamba, kibarua wa shambani, na kipande chake, kadi ya kazi, cha siku 30 za kazi azimalize ndani ya siku 42, sina haja ya kukwambia alivuna nini. Sisi wa mjini Korea hatukuijua iko upande gani wa bahari ila tuliiona kwenye kanga na kwenye duka la Mwarabu. Sukari ikipanda mama hakupandisha kitumbua. Angesema senti 6 wangemwona mchoyo, na nani anatembea na senti moja moja alfajiri. Alichofanya ni kuongeza maji kwenye uji na kumimina nusu ya kijiko. Kitumbua kikakonda. Nakumbuka kuli mmoja kakishika juu kwenye mwanga wa kandili akasema mama huyu leo ameumwa nini, watu wakacheka na mama akacheka, alafu usiku akatuambia tumimine vizuri kidogo. Bei ilibaki senti 5 kama mlivyoandika. Ilikua haijapanda kweli kabisa, ni kitumbua ndo kilishuka.

Dukani nako kulikua na vita yake. Kibaba ni chombo, kinajazwa, na kuna kujaza na kujaza. Kuna anaekijaza kikafanya kilima, kuna anaekipiga na kijiti kikawa sawasawa, na kuna anaeshika kwa dole gumba ndani, lile dole gumba unanunua wewe. Watu wanapenda kusema haba na haba hujaza kibaba, mi nilitumwa dukani miaka sita nikajua kibaba kinajazwa na nani. Sukari ya senti 5 ilifungwa kwenye koni ya gazeti, na mara nyingi gazeti lenyewe lilikua Mambo Leo, la serikali. Mi kusoma nimesomea kwenye zile koni, nikishamimina sukari nanyoosha karatasi nalamba alafu nasoma, habari inaanza katikati inaishia katikati. Habari ya mfalme George kufariki Februari 1952 niliisikia kwa watu wazima siku hiyohiyo, kwamba binti yake alikua hapohapo jirani Kenya, kapanda kwenye nyumba ya juu ya mti kuangalia wanyama kashuka ni malkia, lakini kuisoma niliisoma miezi baadae, ina doa la sukari guru. Kwaiyo na la kwenu likiishia kufungia karanga msinune, kuna mtoto atasoma.

Mwaka uliofuata, Juni 1953, akavikwa taji London na huku watoto wa shule tukapangwa juani na vibendera. Tulipewa biskuti. Hiyo mnaweza kuiweka kwenye orodha, biskuti bure.

Nisije nikaonekana nasema ilikua shida tupu, hapana, tulicheka sana, na hapo makala yenu imepita haraka mno. Nina mjomba wangu alienda Kongwa kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza. Mnaujua, walimwaga pauni zaidi ya milioni 30, na pauni moja ilikua shilingi 20 kwaiyo pigeni wenyewe ni shilingi zaidi ya milioni 600, karanga zikagoma, ardhi ya Kongwa ikikauka ni tofali na mvua haina adabu, Januari 1951 wakatangaza kuacha. Mama yangu kila akipata hasara ya vitumbua kumi alikua anasema bora mimi sikuanzia Kongwa. Basi mjomba akarudi na mabuti ya jeshi, blanketi, na gramafoni ya kuzungusha mkono. Hiyo gramafoni ndo iliyotubadilishia mtaa.

Sahani alikua nazo nne. Mbili zilikua zile zilizoandikwa GV, za rumba ya Cuba, zina picha ya mbwa anasikiliza bomba, Kihispania hatukijui ila tuliimba neno kwa neno tukakosea neno kwa neno. Moja ya Siti binti Saad, alikua amefariki 1950 na wanawake uani wakiwekewa ile sahani walikua wananyamaza kwanza alafu ndo wanaanza kuitikia. Ya nne ilikua imepasuka inaruka, inarudia mstari mmoja, na watoto tuliipenda kuliko zote. Sindano zikiisha makali mjomba alizinoa kwenye kizingiti, fundi yeyote atakwambia unaua sahani, ni kweli ziliuawa.

Sasa sikiliza hii mwanangu Mhariri. Kariakoo ilikua na maduka ya rehani, na usidhani ni ya walevi, yalikua ya kila mtu. Katikati ya mwezi hela ikikata unapeleka kitu, kanga, koti, saa, unapewa hela na karatasi, mwisho wa mwezi unakomboa na riba juu. Kanga ya mama ya sikukuu imelala rehani usiku mwingi kuliko ilivyolala kwetu. Na gramafoni ya mjomba ilikua inaenda rehani kila mwezi kama mtu anaenda kazini. Tarehe mosi mpaka tarehe 14 mtaa una rumba, kina mama wanapepeta mchele kiuno kinatikisika, tarehe 15 kimya. Hatukua na kalenda ndani, sisi muziki ukizimika tulijua mwezi umefika katikati na chai itakua ya rangi, na ukisikia tena El Manicero, wimbo wa rumba zile, unatokea kwa mjomba unajua watu wamelipwa, kalete kibaba. Mwezi mmoja gramafoni ikachelewa kurudi mpaka tarehe 9 na mwenye nyumba mwenyewe akaja kuuliza kulikoni, kumbe nae alikua anapigia hesabu kodi yake kwa muziki.

Orodha yenu ina bei ya gramafoni. Haina bei ya kuikomboa mara kumi na mbili kwa mwaka.

Sinema thumni ni kweli, viti vya mbele kabisa, shingo inauma. Wasichana hatukwenda hovyo, mjomba alikwenda kwa niaba ya mtaa mzima. Jumapili usiku anakaa kwenye baraza ya uani anatuhadithia ile ya Kihindi aliyoona, na nyimbo anaimba. Awaara ya Raj Kapoor ya 1951 alituhadithia siku tatu. Kwa hadithi yake yule jaji ni tajiri anaetaka kumwoa msichana kwa nguvu, na kijana ni yatima anaemwokoa, tukalia, dada akakataa kula. Nimekuja kuiona mwenyewe kwenye video nina miaka hamsini na kitu, ina maandishi chini, kumbe jaji ni baba mzazi wa kijana! Mjomba hakua anajua Kihindi hata neno, miaka yote alikua anatunga pale kwenye kigoda kutokana na nyuso za watu. Alishafariki, nilitaka nimpigie simu akhera nimgombeze.

Sinema ya bure ilikua ya gari la serikali, wanatandika shuka kubwa uwanjani. Humo nimemwona Rashidi Kawawa kabla hajawa Kawawa wa siasa, kijana anaigiza kwa Kiswahili kwenye Muhogo Mchungu, watu wanamsemesha kwenye shuka kama anasikia. Miaka michache baadae ni Waziri Mkuu, na bibi mmoja jirani yetu alikataa kuamini akasema huyo si yule wa mhogo.

Redio mtaani ilikua moja, kwenye mkahawa. Kituo cha Dar es Salaam kilianza 1951, wanaume wakawa wanajazana pale jioni, kikombe kimoja cha kahawa saa mbili, mwenye mkahawa anawaangalia kwa jicho baya. Hapo sina zaidi maana mi nilipita tu nimebeba maji.

Ya kina mama ndo naijua. Mama alikua kwenye ngoma, na ngoma za wanawake zilikua na vikundi na vikundi vina wapinzani na wapinzani wana macho. Bibi Titi Mohamed kabla TANU haijamchukua alikua mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, sauti yake tuliijua kabla ya siasa. Vikundi hivi sherehe ikifika ni sare, wote kanga moja, mpya, na huwezi kuja na ya mwaka jana, bora usije, na usipokuja wataimba juu yako. Basi hapo shilingi 8 inarudi tena. Faida ya mama ni shilingi kwa siku, kwaiyo sare moja ni siku nane za kutwanga saa tisa usiku, na sherehe haziulizi. Baba akalalamika siku moja, akasema unavaa vitumbua 640, yani siku nane mara 80. Mama hakujibu. Alivaa, akajitanda, akatoka, na kwenye ngoma alikua mzuri kuliko wote, nasema hivyo kwa kua nilikuwepo. Wiki ile ile kanga ikaenda rehani.

Ndo maana nasema mkiandika bei andikeni na mshahara, na sio mshahara tu, andikeni siku ngapi na kazi gani. Safu moja zaidi kwenye jedwali lenu haizidi nafasi ya tangazo la dawa ya nguvu mliloweka pembeni. Mtoto akisoma shilingi 8 anadhani ni bure, aambiwe ni siku mbili za magunia atakaa vizuri kwenye kiti.

Na picha, mi nitawapa ya kuweka badala ya ile ya soko. Ukuta ulishabomolewa na nyumba yenyewe sasa ni ghorofa la simu na mabegi. Gramafoni ilienda rehani mwezi mmoja haikurudi tena. Lakini chuma cha vitumbua cha mama ninacho hapa Ilala, kina matundu saba, moja limetoboka kwaiyo tunapika sita, na ijumaa nakitumia. Mje asubuhi. Sikuizi nauza mia tatu, na vimekonda.

Wako mama yenu,
Bibi wa vitumbua, Ilala, Dar es Salaam